Kushoto kwa Shaba

Sommevaux, 9 Februari 1672

Dada Gillette,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Aubin. Huku wino unaganda ndani ya kidau, ndiyo maana mwandiko wangu umepinda.

Mzigo uliokuja na barua ni mchoro wangu wa mandhari ya Ormeval, kama yanavyoonekana ukisimama kwenye baraza ya juu ya kasri. Nimeyapima kwa kamba na bikari tangu Oktoba. Bwana wetu Markizi, mwenye kasri, anataka mchoro uchongwe kwenye shaba na uchapwe, awaonyeshe wakubwa wenzake huko Paris. Wote wameshachapisha bustani zao, amebaki yeye. Nikamwandikia katibu wake kwamba dada yangu ameolewa na mchonga shaba wa mtaa wa Saint-Jacques, wakakubali. Sikusema kwamba anayechonga ni wewe, shemeji anaweka jina tu.

Mama ameuona. Aliugeuzageuza akauliza, "Nyumba yangu iko wapi?" Nikamwonyesha kilima cha upande wa kulia, nikamweleza kwamba kijiji chetu cha Sommevaux kiko nyuma yake na jicho haliwezi kupita ndani ya kilima. Akasema, "Miezi minne unapimapima, halafu umeshindwa kuiona nyumba uliyozaliwa?" Nyumba zote kumi na moja, kanisa na makaburi, vyote vimefichwa na kile kilima. Anaomba umwekee walau moshi kidogo nyuma yake, watu wajue kuna mtu anapika.

Kitu kimoja bado. Bwana anataka barabara yenye miti pande zote mbili ianzie kwenye baraza na kunyooka mpaka upeo wa macho. Haipo bado, ila picha ioneshe kama ipo. Upande ameniachia nichague mwenyewe, maana yeye alifika hapa mara moja tu akiwa mtoto. Mistari yake nitakutumia baadaye.

Ni mimi nduguyo,
Nicaise Vautrin


Paris, 21 Februari 1672

Mdogo wangu uliyezaliwa na rula mkononi,

Mchoro umefika. Ni mzuri, nakiri huku nauma meno. Lakini miti yako, Nicaise! Umeipanga kama askari wanaosubiri kukaguliwa. Nitaitikisatikisa kidogo kwa upepo, usinune.

Unajua kazi yetu ilivyo? Ninachochonga kulia kwenye shaba, kikichapwa kinatoka kushoto. Kwa hiyo nimesimamisha mchoro wako mbele ya kioo, nachonga kile ninachokiona kiooni. Mchoro wenyewe siutazami kabisa. Siku zote hizi naishi ndani ya kioo. Jana Aubin aliniambia nina unga kwenye shavu la kushoto, nikafuta la kulia, akacheka mpaka akakaa chini. Humu karakanani mtu akisema kushoto, ni kushoto kwa shaba. Karatasi itajijua yenyewe.

Mwambie Mama moshi wake upo tayari. Nimeuchonga kwa nyuzi tano nyembamba, unapanda nyuma ya kilima kama mtu anachemsha kabichi. Mwambie pia sijasahau kwamba ni miaka tisa sijamwona. Niletee mistari ya barabara upesi.

Dada yako,
Gillette


Sommevaux, 6 Machi 1672

Dada,

Bwana ana haraka, anataka picha kabla ya Pasaka. Karatasi hii ndogo ni ya barabara peke yake. Ina mistari mitupu, nukta ambapo yote inakutana, na alama za miti.

Iweke kushoto. Nina sababu za kuchagua upande huo. Barua inapita mikononi mwa mjumbe wa kasri, kwa hiyo siziandiki.

Nicaise


Paris, 26 Machi 1672

Nicaise wangu,

Imekwisha! Jumatatu tulichapa ya kwanza, na Jumanne Aubin alipeleka karatasi arobaini kwenye nyumba ya Bwana hapa Paris. Hata yeye, ambaye kusifu kwake ni kukohoa, alikohoa mara mbili.

Barabara ndiyo iliyonipa raha kuliko vyote. Mistari mitupu haina kulia wala kushoto, sikuhitaji hata kioo. Nililaza karatasi yako juu ya shaba, upande wa kushoto kama ulivyoandika, nikatoboa nukta zako kwa sindano, nikachonga. Ikakata bustani, ikapanda kilima bila kuyumba, ikaishia pale pale penye moshi wa Mama! Hapo nikaelewa sababu zako. Ulitaka macho ya wakubwa wote wa Ufaransa yaelekee nyumbani kwetu. Nililia, mjinga mimi, chozi likadondokea shaba nikalifuta kwa kiwiko.

Kumbe chini ya ile rula una moyo. Mpe Mama busu langu.

Gillette


Sommevaux, 14 Aprili 1672

Gillette,

Umefanya nini?

Niliposoma barua yako nilidhani ni utani wako wa siku zote. Nikajiambia haiwezekani, hukuelewa tu ulichoandika. Jana msimamizi wa kasri aliniita, akakunjua picha mezani. Barabara iko kulia. Kulia, Gillette!

Kushoto ni kinamasini. Hakuna anayeishi kule isipokuwa vyura. Ndiyo sababu niliyoshindwa kuiandika, kwamba nilichagua upande usio na watu. Nilijisifu moyoni kwamba nimekiokoa kijiji na hakuna atakayejua.

Nikamwambia msimamizi, "Hapa pana kosa. Barabara ni ya kule kinamasini."

"Kosa liko wapi? Si hii hapa imechapwa?"

"Nyuma ya kilima kuna watu."

Akainama akaikagua picha, naapa hakuwa anatania, akasema, "Mbona siwaoni?"

Bwana ameshaigawa kwa wakubwa wenzake. Mmoja wao alifuata barabara kwa kidole mpaka kwenye moshi, akasema hajawahi kuona bustani yenye mwisho mtamu hivyo, na kwamba atakuja kuitembelea kiangazi. Sasa Bwana hawezi kuonekana mwongo. Amri imeandikwa: ardhi ifuate picha. Watu wa nyumba zote kumi na moja wahame kabla ya mavuno, watapewa viwanja kando ya kinamasi. Kanisa litaachwa kwa sababu liko pembeni hatua nne. Makaburi nusu.

Mpima ardhi wa Ormeval ni mimi. Kesho naanza kupigilia vigingi. Nimeshapiga hesabu, cha saba kinaangukia jikoni kwa Mama.

Nicaise


Paris, 22 Aprili 1672

Nicaise,

Usinifokee. Uliandika kushoto, nikaweka kushoto. Barua yako ninayo hapa, neno hilo umelipigia hata mstari. Ungeandika "kinamasini" ningekosea vipi? Wewe na siri zako, wewe na kuogopa mjumbe! Mtu anayeweza kupima umbali wa mnara bila kuusogelea ameshindwa kuandika neno moja...

Nimerudi. Niliiacha kalamu nikaenda kuchukua mchoro wako, nikausimamisha kando ya picha iliyochapwa, bila kioo. Kinamasi kiko kushoto kwenye zote mbili. Kilima kiko kulia kwenye zote mbili. Barabara peke yake ndiyo imekaa upande usio wake, kwa sababu kila kitu nilikigeuza isipokuwa hiyo. Wewe ulisema kushoto kwa mtu aliyesimama barazani. Mimi nikasikia kushoto kwa shaba.

Ni mimi. Hata fundi wa mwaka wa kwanza halazi karatasi juu ya shaba bila kuigeuza. Nimechonga miaka kumi na nne.

Kesho naenda kwa Bwana mwenyewe kumwambia. Aubin anasema nitafunga karakana yetu kwa mdomo wangu. Nimemwambia basi ifungwe.

Gillette


Paris, 24 Aprili 1672

Nicaise,

Nimemwona. Alikuwa anapimwa koti, mafundi wawili wamempigia magoti, pini mdomoni. Nilipiga goti na mimi, nikasema yote.

Akauliza, "Unasema barabara yangu ni kosa?"

"Kosa ni langu, Bwana. Naomba unirudishie picha zote. Nitaikwangua shaba, nitachonga upya upande wa kinamasi, kwa jasho langu mwenyewe."

"Kinamasi ndicho kipi?"

Hakijui, Nicaise! Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayechagua samaki sokoni. Kisha akasema, "Hapana. Huku ndiko kuzuri. Bibi, kosa lako lina macho kuliko ukweli wa ndugu yako."

Wote wakacheka, hata mafundi wenye pini. Nikasema kuna watu nyuma ya kilima, mmoja ni mama yangu mzazi. Akasema, "Basi mama yako atakuwa wa kwanza kupita kwenye barabara mpya." Akanipa mkono niubusu, nami nikaubusu. Sijui kwa nini. Tangu jana nasugua midomo yangu kwa kitambaa na bado naisikia ile pete.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Mama bado kwamba ni mimi. Nipe muda nitafute maneno, nimwandikie mwenyewe.

Gillette


Sommevaux, 9 Mei 1672

Dada,

Usitafute tena maneno. Nimeshamwambia ni mimi.

Nilifika na kigingi cha saba. Alikuwa anamenya vitunguu. Alinitazama nikipima sakafu yake kwa kamba, akaendelea kumenya mpaka nilipopiga nyundo ya kwanza. Akauliza, "Nani alichora huu ujinga?" Gillette, ningesema nini? Ulikuwa umeniomba. Na jana yake tu alikuwa anawaringia majirani moshi wako, anasema binti yake ndiye aliyeuweka. Nikasema, "Mimi, Mama. Nilikosea upande."

"Kamba yako, nyundo yako, na kosa ni lako?"

"Ndiyo."

"Basi toka. Na hicho kijiti chako kiache hapo hapo, nitakitazama nikipika."

Tangu siku hiyo hanisemeshi. Nikipita anageuza uso. Mzee Colas, jirani yake, ametema mate mbele yangu. Nalala kwenye chumba cha zana kasrini, si kubaya.

Usiandike chochote. Ana watoto wawili tu, mmoja wa kumchukia anatosha.

Nicaise


Sommevaux, 3 Agosti 1672

Kwa binti yangu Gillette,

Anayeandika ni Padri Thibaut. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishie.

Nyumba imevunjwa Jumatano. Mihimili iling'ang'ania, ikabidi walete ng'ombe wanne. Niliketi kwenye kiti changu katikati ya jiko mpaka wakanibeba na kiti chenyewe. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikawatukana. Sasa niko kinamasini kwenye banda la mbao. Unga unashika ukungu, na kifua kinanikoroma kama paka.

Nduguyo alikuwepo na rula yake. Alijaribu kunishika mkono. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba nilizaa mtoto mmoja tu, yuko Paris. Padri hapa ananikunjia uso, ananiambia nisamehe. Andika, Padri! Simsamehi. Mtu akikosea kupika nitamsamehe. Huyu alipigilia kijiti jikoni kwangu akijua kwamba ndiye aliyekosea, na bado akapiga nyundo.

Namshukuru Mungu wewe una mikono safi. Ile picha yenye moshi wangu, Padri aliniombea moja kasrini, nimeibandika juu ya kitanda. Nikiitazama nasema, huyu alinikumbuka.

Mama yako,
Barbe Vautrin (nimeweka alama yangu mwenyewe)


Paris, 20 Agosti 1672

Mama,

Nimeshika barua yako siku kumi na sikuweza kula. Namwomba Padri akusomee hii yote bila kuruka neno, hata kama utamwambia anyamaze.

Nicaise hakukosea. Mchoro wake ulikuwa sahihi mpaka unywele. Barabara aliichora kinamasini ili msiguswe, na alifanya hivyo kwa siri kwa sababu aliogopa kasri. Mimi ndiye niliyeilaza vibaya juu ya shaba. Mimi, kwa mikono hii unayoisifu. Nilifanya kwa uzembe na kwa majivuno, nikaimba nikiwa nafanya. Halafu nilipojua, nilimpigia Bwana magoti akacheka, nikamwomba Nicaise asikuambie. Akabeba yeye.

Karibu miezi minne umemnyima uso wako kwa ajili yangu, na mimi nilijua tangu Mei. Nilijua, Mama, nikaendelea kunyamaza, kwa sababu ilikuwa tamu kuwa mtoto wako mzuri.

Bandua hiyo picha. Mwite Nicaise, leo hii, kabla hujanikasirikia.

Gillette


Ormeval, 22 Agosti 1672

Dada,

Bwana amekuja. Tumekata, tumesawazisha, tumechimba mashimo ya miti mia mbili na sitini. Barabara imenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kupima. Alisimama kwenye baraza na wageni wake, akala pea, akasema, "Kwenye karatasi ilikuwa ndefu zaidi." Alipomaliza pea akaingia ndani. Asubuhi wakaondoka wote.

Nilibaki pale barazani nikitazama, na ndipo nikaona kitu ambacho sijui nitaishi nacho vipi. Barabara inapanda kilima, inafika juu, basi. Upande wa pili hauonekani. Kutoka pale barazani huoni hatua hata moja ya sehemu ile iliyopita kwenye nyumba zetu. Tungeisimamisha juu ya kilima, nyumba zote kumi na moja zingekuwepo leo na hakuna mgeni ambaye angejua. Ningemwambia msimamizi sentensi moja tu. Mimi, niliyemwambia Mama kwa mdomo wangu kwamba jicho halipiti ndani ya kilima! Alipoweka amri mezani niliogopa, nikaanza kuhesabu vigingi.

Kwa hiyo usijilaumu peke yako. Wewe ulikosea kwa dakika moja, mimi nilikosea siku arobaini mfululizo, kwa vipimo sahihi.

Jeshi linatafuta wapima ardhi wa kwenda vitani Uholanzi. Nimeandikishwa kwa jina lisilo la Vautrin, ili Colas na wenzake wasinifuate. Simuagi Mama kwa sababu hataki kuniona. Usimwambie kitu. Mwache abaki na wewe.

Nicaise


Sommevaux, 27 Agosti 1672

Gillette,

Padri anaandika.

Barua yako imefika leo. Aliisoma nje ya banda, majirani wote wamesimama, kwa sababu nilikuwa nimewaita waje kusikia jinsi binti yangu anavyoandika vizuri. Alipofika katikati alisita. Nikamwambia, "Soma, unaogopa nini?" Akasoma. Colas alivua kofia. Hakuna aliyeniangalia usoni.

Nilikwenda kasrini kwa miguu yangu, na kifua hiki. Nilimwita tangu getini. Karibu miezi minne sijalitaja jina lake, nikalipiga kelele kama mwendawazimu. Msimamizi akatoka akaniambia ameondoka Jumanne na jeshi, na kwamba kwenye orodha yao hakuna mtu anayeitwa Vautrin. Chumba chake nilionyeshwa. Alikuwa analala kwenye magunia, Gillette. Mwanangu alilala kwenye magunia, na mimi nilikuwa nageuza uso.

Sitaki uniombe radhi. Yako ni yako, na yangu ni kubwa kuliko yako, kwa sababu wewe ulikuwa mbali na mimi nilikuwa namwona kila siku akikonda, nikafurahi.

Wewe uko Paris, unajua kusoma, unajua wakubwa wanapokaa. Piga magoti tena kama ulivyopiga. Uliza kwenye kila jeshi, kwa jina lolote, muulizie kijana mrefu anayetembea huku anahesabu hatua. Akipatikana mwambie mama yake anamwita.

Usije kwangu bila yeye.

Barbe Vautrin